Kikohozi Mlangoni

Kila asubuhi, kabla hajaufungua mlango wa chumba chake, Mwalimu Ambakisye Mwandemele alikohoa. Hakuwa mgonjwa. Kifua chake kilikuwa kizima, na baridi ya Norvaag, iliyokuwa imewaangusha wageni wengi wenye umri mdogo kuliko wake, ilikuwa haijakigusa. Alikohoa mara moja, kikohozi kizito cha mtu mzima anayetangaza ujio wake, kisha akasimama nyuma ya mlango, tai shingoni na kofia mkononi, akasubiri.

Upande wa pili alisikia alichotarajia: kijiko kikiwekwa mezani, nyayo laini zikienda upesi, pete za pazia zikiteleza juu ya fimbo yake. Mkamwana wake, Tupokigwe, alikuwa amejitenga. Ndipo Mwalimu alipoingia sebuleni na kuketi katika kiti chake kilichotazama dirisha, akilipa jiko mgongo. Uji wa ulezi ulikuwa mezani, umefunikwa.

Ndivyo walivyoishi tangu Mwalimu alipofiwa na mkewe, na mwanawe Gwamaka akamtoa Tukuyu na kumleta katika mji huu wa kaskazini. Kwao Unyakyusa, kwa wale walioshika ya kale, mke wa mwana humstahi baba mkwe kwa kumwepuka. Hamtazami usoni, halitaji jina lake, hali naye meza moja, wala hampi mkono. Baba mkwe naye, kama ni mtu, humrahisishia kazi hiyo kwa kukohoa mlangoni, kwa kuzunguka njia ndefu, kwa kugeuza uso. Ni heshima inayofanywa na watu wawili, kama kutwanga kwa michi miwili katika kinu kimoja. Katika nyumba ya ghorofani yenye vyumba vitatu vyembamba, ilihitaji uangalifu zaidi. Kwa hiyo Tupokigwe, aliposikia kwamba mzee anakuja, alishona kwa mkono wake mwenyewe pazia zito la kitenge, akalitundika baina ya jikoni na sebule.

"Babu." Kichwa cha Sekela, mjukuu wake wa miaka mitano, kilichungulia chini ya pazia. "Mama anasema uji una ndimu. Anasema usipoipenda, useme."

"Mwambie mama kwamba ndimu imekaa mahali pake."

Kichwa kikatoweka, kikarudi. "Mama anasema asante. Halafu mama anacheka."

"Hilo la pili hukutumwa."

"Nimejituma mwenyewe."

Mwalimu akainamisha uso juu ya bakuli, mtoto asione tabasamu lake. Alipouinua tena, aliona kwamba kile kiduara kilichobandikwa katikati ya dari, kisichozidi kifungo cha koti, kilikuwa kimeacha mwanga wake mweupe na kuwa cha manjano.

Kila nyumba ya Norvaag ilikuwa na kiduara kama hicho, na watu walikiita Sikio. Hakikupiga picha. Kilisikia sauti, kilipima pumzi na mapigo ya moyo kupitia hewa, kikasoma joto la nyuso na kasi ya nyayo, na kutokana na hayo kikajua ni nani ndani ya nyumba anayemhofu nani. Mwanga mweupe ulikuwa amani. Manjano ilikuwa shaka. Nyumba hii ilikuwa ya manjano kila asubuhi, mara tu baada ya kikohozi.

Mwalimu hakulichukia Sikio. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa mwanamke aliyevunjwa taya na mumewe, naye alikuwa hai kwa sababu dari ilipiga kelele kabla yeye hajaweza. Kifaa kilichomwokoa mtu kilistahili kuvuliwa kofia. Lakini alijiuliza, na swali hilo halikuwa na wa kulijibu, kama mtu aliyekibuni aliwahi hata siku moja kumstahi mtu.

*

Afisa wa Idara inayosimamia Sikio alifika mchana, Sekela akiwa shuleni. Aliitwa Runa Eskil, mwanamke mrefu mwenye koti la kijivu na kibiringo kidogo ukosini kilichotafsiri maneno yake kwa Kiswahili safi kisicho na kwao. Alinyoosha mkono, na Mwalimu akaupokea.

Alikuwa amejifunza. Miezi yake ya mwanzo katika mji huu alikuwa amempisha mwanamke kiti ndani ya treni, na mwanamke yule akamwuliza mbele ya watu kama anamwona kilema. Alikuwa amekwepa kumtazama machoni mwuza duka, na mwuza duka akaita mlinzi. Basi akazoea kuwapa wanawake mikono, kuwatazama, kuwaacha wabebe mizigo yao. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Alifumba kwa kila mtu, isipokuwa mmoja.

"Ambakisye, tukae," Runa alisema.

"Mwalimu," alisahihisha kwa upole.

"Huku hatutumii vyeo. Huwaweka watu chini."

"Kwetu huwaweka watu mahali pao, ili wasipotee."

Runa hakubishana. Alilitazama pazia; chini ya upindo wake vilionekana viatu vya Tupokigwe, vimetulia. Mkamwana huyo alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya ujio huu.

"Tupokigwe, tafadhali toka tuzungumze."

"Nazungumza vizuri nikiwa hapa," sauti ilijibu nyuma ya kitenge.

"Unamwogopa mtu aliyeketi hapa?"

"Namstahi."

"Sikio linasema kwamba kila akikohoa moyo wako hukimbia, nawe hukimbia pamoja nao."

"Moyo wangu hukimbia hata ninapoimba kanisani. Mtaniondolea na kuimba?" Viatu vilisogea kidogo. "Mama Afisa, maji uliyokunywa asubuhi yametoka katika mtambo wa kuchuja chumvi ulio chini yangu. Mafundi ninaowaongoza, wengi wao ni wanaume, na hakuna hata mmoja ninayemhofu. Wengine wananihofu mimi. Nikifika nyumbani, kuna mtu mmoja duniani ninayejitenga naye, na ni kwa hiari yangu."

"Na mtoto asipokuwapo, unazungumza na friji."

Mwalimu alihisi masikio yake yakipata moto. Ilikuwa kweli. Sekela ndiye aliyekuwa mjumbe wao. Asipokuwapo walituma vitu. Wewe friji, ikiwa kuna mtu mwenye njaa, chakula kiko tayari. Wewe kiti, mwambie aliyepika kwamba Mungu amzidishie. Ilikuwa njia ya adabu, na kwa kweli ilikuwa pia mzaha wao, ule mmoja ambao baba mkwe na mkamwana waliweza kuucheka pamoja bila kuonana.

"Si wazimu," Mwalimu alisema.

"Sikusema wazimu. Nilisema Sikio limesikia." Runa aliikunja mikono yake juu ya magoti. "Shuleni kwa Sekela, mwalimu mmoja wa kiume alikohoa. Sekela alikimbia chini ya meza, akajifunika kichwa. Wasichana wenzake wakaona ni mchezo, wakamfuata. Darasa zima la wasichana likawa chini ya meza kwa sababu mwanamume amekohoa. Walimu walicheka. Mimi sikucheka."

Kisha akasema polepole zaidi, kana kwamba kibiringo chake hakikuwa na haki ya kulitafsiri neno hili.

"Nilipokuwa na umri wa Sekela, hakukuwa na Sikio. Baba yangu alikuwa na kawaida ya kukohoa kabla hajaingia ndani. Mama alipokisikia kikohozi alikimbilia jikoni. Siku moja hakukimbia upesi. Tulimzika siku ya Jumapili."

Mwalimu, aliyekuwa ameketi na hoja zake zimepangwa kama askari wa gwaride, alizisikia zikianguka moja baada ya nyingine. Angemwambia nini mtoto wa mama yule? Kwamba vikohozi havifanani?

"Pole sana, binti yangu," alisema mwishoni.

"Mimi si binti yako," Runa alijibu, lakini bila ukali.

Akaeleza. Shauri lilikuwa limefunguliwa. Wangepewa nafasi moja: wangeingia katika chumba cha majaribio, wapeane mikono, watazamane, wakae meza moja mpaka mwanga uwe mweupe. Ukiwa mweupe, shauri linafungwa. Usipokuwa mweupe, Sekela atachukuliwa na kulelewa kwingine.

"Mimi ndiye tatizo," Mwalimu alisema. "Nitarudi kwetu. Kesho, ikiwezekana."

"Ukiondoka shauri likiwa wazi, sheria inakuhesabu umekimbia, na aliyekimbia amekiri. Mtoto atachukuliwa siku hiyo hiyo."

Nyuma ya pazia, viatu viwili vilirudi nyuma hatua moja.

*

Jioni Gwamaka alitokea kwenye skrini ya ukutani, uso wake mkubwa kuliko ulivyo, upepo ukipiga kelele nyuma yake. Alifanya kazi baharini, juu ya minara ya umeme wa upepo, na hakuruhusiwa kushuka kabla ya zamu yake kwisha.

"Baba, ni mkono tu," alisema. "Mpe mkono, mtazame, basi."

"Mkono tu."

"Na mkishindwa, kuna Tulizo, ile tiba yao. Wenzangu wengi hapa wamefanyiwa. Haliumi. Wanaondoa ile aibu tu."

"Aibu tu, unasema. Na nyumba ni matofali tu. Na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa nyama na mifupa tu."

Gwamaka alifuta uso wake kwa glavu. "Baba, wewe mwenyewe ulinifundisha. Ukifika kwa wenye chongo, fumba jicho."

"Fumba. Methali inasema fumba, Gwamaka. Haikusema ling'oe."

"Basi igizeni. Muwe kama mmetulia, siku moja tu. Lidanganyeni Sikio."

Mwalimu alijinyoosha kitini. Katika miaka yake yote ya ualimu mkuu, wanafunzi waliosema kweli walisamehewa madirisha yaliyovunjika, na waliosema uongo waliadhibiwa hata kwa kalamu iliyopotea. "Sijawahi kumdanganya mwanadamu," alisema, "na sitaanza na dari."

Gwamaka alicheka kidogo, kicheko kilichokatika njiani. "Baba," akasema, na sasa alikuwa mtoto, "nirudishie Sekela."

"Bado hajachukuliwa."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba sasa."

*

Chumba cha majaribio kilikuwa cheupe, na upande mmoja kilikuwa na kioo kilichowaficha watazamaji. Kulikuwa na meza, viti viwili, na Sikio kubwa kama sahani juu yake. Sekela alikuwa chumba cha pili na mwanamke wa Idara, akicheza.

Mwalimu aliagizwa aingie bila kukohoa. Alisimama mbele ya mlango akiwa na kikohozi kooni kama mwiba wa samaki, akakimeza, akaingia.

Tupokigwe alikuwa amesimama kando ya meza, amevaa suti yake ya kazi. Aliinua uso.

Mwalimu hakuwa amewahi kuuona uso huo. Siku ya harusi ulikuwa umefunikwa, na baada ya hapo aliujua mgongo wake, upindo wa kanga yake, kivuli chake kikipita. Sasa aliona kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na macho ambayo Sekela alikuwa ameyarithi yote mawili bila kubakisha kitu. Alitaka kuyaacha macho hayo upesi kama mtu aliyeingia chumba cha wenyewe kwa bahati mbaya. Lakini alimkumbuka mtoto, akayashika kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono.

Mkono wa Tupokigwe uliinuka. Ulifika katikati ya meza. Alikuwa amejizoeza; mbele ya kioo cha bafuni, kama Sekela alivyomwambia babu yake, alikuwa akinyoosha mkono na kusema "habari" kwa nafsi yake. Kwa kitambo kifupi ilionekana kwamba wangeweza.

Kisha magoti yake yakakunjika.

Hakuyaamuru. Mkono wa mkubwa haupokelewi mtu akiwa wima; hilo magoti yalikuwa yamelijua kabla ya hesabu, kabla ya uhandisi, kabla ya lugha zote za kigeni. Mkamwana wake alikuwa chini, kwenye sakafu ya baridi ya watu wengine, kichwa kimeinama, viganja vyote viwili vimeinuliwa kuupokea mkono wake.

Na Mwalimu, kwa kumwona mwanamke wa heshima amepiga magoti mbele ya kioo cha wageni, alifanya jambo pekee ambalo muungwana wa kwao angefanya ili kumsitiri. Aliurudisha mkono wake, akamgeuzia mgongo, akatazama ukuta.

Hapo ndipo walipoonekana waziwazi kwa watu walio nyuma ya kioo: mwanamke aliyepiga magoti akitetemeka, na mwanamume aliyempa mgongo. Sikio likawa jekundu. Mlango wa chumba cha pili ulifungwa, na sauti ya Sekela ikasikika ikiuliza jambo, kisha ikasikika mbali zaidi, kisha haikusikika.

*

Aliyewaeleza habari za Tulizo alikuwa tabibu mwenye nywele nyeupe, mpole, asiyeharakisha sentensi zake. Alimweleza Mwalimu peke yake, kisha akaenda kumweleza Tupokigwe katika chumba kingine. Hilo Runa alikuwa amelipanga bila kuombwa.

"Mwili hauna maneno mawili, moja la hofu na jingine la heshima," alisema. "Una moyo mmoja tu unaodunda kwa yote mawili, na jasho moja. Hata sisi hatuwezi kuyatenganisha. Ila ndani ya ubongo kuna njia inayotoka kwenye sura ya mtu fulani na kufika kwenye mshtuko wa mwili. Tunakuvika ukanda kichwani, tunakuonyesha sura hiyo, tunaitafuta njia inayowaka, na tunaifunga. Njia hiyo moja tu. Utabaki na aibu zako nyingine zote."

"Na njia hiyo ikifungwa, hufunguliwa tena?"

Tabibu alifikiri kwa uaminifu. "Hatujawahi kuombwa kuifungua."

"Na kama hofu na heshima zinapita njia moja, mnapoifunga, heshima inapita wapi?"

"Hilo," tabibu alisema, "ni swali ambalo vipimo vyetu haviwezi kuliuliza."

Hawakulazimishwa. Runa alilirudia neno hilo mara nyingi: hatumlazimishi mtu. Wangekuwa na siku ya kufikiri. Wakikubali wote wawili, mtoto angerudi mara baada ya tiba. Akikataa mmoja, hangerudi.

Nyumbani, Tupokigwe alipita kwanza huku Mwalimu akisubiri ngazini. Alipoingia, pazia lilikuwa limefungwa. Uji haukuwapo. Kiti kidogo cha Sekela kilikuwa kimeegemea meza kama alivyokiacha, na soksi yake moja imening'inia juu yake.

"Wewe friji," sauti ya Tupokigwe ilisema hatimaye, "kuna anayejua kama mzee amekula?"

Mwalimu alikigeukia kiti kidogo. "Wewe kiti, mzee hana njaa. Uliza kama mama Sekela amekula."

Friji iliunguruma, ikatulia.

"Wewe friji, mwambie mzee kwamba Gwamaka anataka twende. Mwambie kwamba mimi sitamfuata Gwamaka katika hili. Mzee akisema hapana, sitakwenda, nitapigania mahakamani hata miaka kumi. Akisema ndiyo, nitakwenda kesho. Neno langu nimemwachia yeye."

Mwalimu alifumba macho. Hakuwa amewahi kupewa heshima nzito kuliko hiyo, na hakuwa amewahi kutaka kitu kiondolewe mikononi mwake kama alivyotaka hicho kiondolewe. Akisema hapana, Sekela angelala kwa watu ambao hawangejua hata kulitamka jina lake. Akisema ndiyo, angekuwa ameitumia ile mamlaka aliyopewa na stahi ili kuiua stahi yenyewe, kwa kinywa chake, akiwa na akili zake timamu. Alitafuta njia ya tatu. Alikuwa mtu wa kutafuta. Maisha yake yote alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba hakuna hesabu isiyo na jibu. Hii ilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalikuwa makosa.

"Wewe kiti," alisema, "muulize yeye anataka nini."

"Wewe friji, namtaka mtoto wangu. Na mwambie mzee kwamba kila nilicho nacho hapa nilikipata hapa. Lugha, koti, kazi, hata jinsi ya kutembea barabarani. Hili la kujitenga naye ndilo pekee nililokuja nalo. Marehemu mama yangu alilifanya. Nilipokuwa nikilivuta lile pazia, nilikuwa naye."

Mwalimu aliikunja soksi ndogo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Wewe kiti," alisema, na akasikia sauti yake imekuwa ya mzee kweli kweli, "mwambie kwamba tangu alipoingia katika ukoo wangu hajanikosea hata mara moja. Mwambie kwamba nilipokuwa nikikohoa, nilikuwa nikimwambia: mwanangu, nakuona kuwa mtu mkubwa, nisikukute ghafla. Alijua hivyo. Sasa sikiliza." Alisimama, kama alivyokuwa akisimama mbele ya shule nzima. "Mwambie, ndiyo."

"Wewe friji," Tupokigwe alisema, "mwambie mzee nimesikia."

Yalikuwa maneno ya mwisho waliyoyatuma.

*

Ukanda ulikuwa wa baridi, mwepesi kuliko kofia yake. Walimwonyesha uso wenye kovu juu ya nyusi, na moyo wake ukaruka, na macho yake yakataka kukimbia. Wakamwonyesha tena. Na tena. Kila mara mruko ulikuwa mdogo zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa, ambaye anaanza kuelewa. Mwishowe ulikuwa uso tu.

"Unahisi nini?" tabibu aliuliza.

Mwalimu alichungua moyo wake kwa makini, kwani aliulizwa swali na ilimpasa ajibu kweli. "Sihisi kitu," alisema.

Tabibu alimshika bega, akampongeza.

*

Sekela alirudi jioni ile ile, akiwa na koti jipya. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alivaa tai yake, akachukua kofia, akasimama nyuma ya mlango. Kooni hakukuwa na kitu kilichomtaka akohoe. Akafungua.

Tupokigwe alikuwa mezani, amemwelekea, kikombe mkononi. Pazia lilikuwa limesukumwa pembeni.

"Habari za asubuhi, Ambakisye," alisema. "Uji uko kwenye sufuria. Jipakulie."

Jina lake. Aliisubiri aibu kama mtu aliyejikwaa anavyosubiri maumivu. Haikuja. Akajipakulia, akaketi mkabala naye, akamtazama. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyechoka. Angemhurumia abiria yeyote mwenye uso huo.

"Umelala vizuri?" aliuliza.

"Vizuri. Na wewe?"

"Vizuri."

Uji haukuwa na ndimu. Hakuulizwa kama anaitaka, wala hakuona sababu ya kuitaja. Juu yao Sikio lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Nilidhani ingeuma," Tupokigwe alisema.

"Hata mimi."

Waliendelea kula, kama watu wawili walioketi benchi moja kituoni, kila mmoja akisubiri treni yake. Mwalimu alijua kwamba kulikuwa na jambo la kuombolezwa hapo. Alilijua kwa akili, kama mtu anavyojua tarehe ya vita ambavyo hakupigana.

Sekela alitoka chumbani akifikicha macho, akapanda kiti chake, akawatazama wote wawili mezani. Alitazama huku na huku, kama mtu aliyekuta milango ya nyumba yake imehamishwa usiku. Kisha akaanza kula, kwa sababu alikuwa na njaa.

Ilikuwa baridi tu. Ilikuwa imekipata kifua chake hatimaye, na Mwalimu akakohoa, kikohozi cha kweli, kikavu, kisicho na maana yoyote.

Kijiko cha Sekela kilianguka. Mtoto akateleza kitini, akakimbia, akalivuta pazia kwa mikono miwili. Pete zikateleza juu ya fimbo kwa sauti ile ile ya zamani. Nyuma ya kitenge kilisikika kicheko kilichobanwa kwa viganja.

"Mama," alinong'ona. "Babu amekohoa."

"Nimesikia," Tupokigwe alisema, akakoroga chai yake.

"Mama, njoo."

"Rudi umalize uji, Sekela."

Kicheko kilikoma. Chini ya upindo wa pazia vilionekana vidole kumi vya miguu, vimejikunja juu ya sakafu ya baridi. Vilisubiri. Pumzi ya mtoto ikaanza kwenda mbio.

Mwalimu aliinua macho. Katikati ya dari, weupe ulikuwa ukianza kuingia manjano.

Hofu ilimshika, kubwa na nzima, kwani njia hiyo hawakuifunga. Aliona ukanda wa baridi ukipimwa juu ya kichwa kidogo. Akaweka kijiko chini, akauweka sawa uso wake, na sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya mwalimu mkuu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kutiliwa shaka na mtoto yeyote.

"Sekela," alisema. "Toka huko. Hakuna aliyekohoa."

Vidole havikusogea. Kisha, polepole, pazia likafunguka, na mtoto akasimama hapo akimtazama babu yake. Alimtazama sana. Akarudi mezani, akashika kijiko chake, na taa ikarudi kuwa nyeupe.